Fizi za Mtae

Jino la kwanza lililomsumbua Yudith Shemdoe halikuwa lake. Lilikuwa la mkulima mmoja wa Mtae aitwaye Tobia, mtu wa miaka arobaini na mmoja. Mwezi wa pili mwaka 1974 alishuka kwa basi hadi hospitalini Lushoto, akaketi kwenye kiti, akafungua kinywa na kusema amekuja kung'olewa gego kwa sababu linacheza. Lilitoka kirahisi kama msumari kwenye ubao uliooza. Tobia hata hakugutuka. Akasukutua kwa maji ya chumvi, akashukuru, akaenda zake kununua mafuta ya taa kabla basi halijaondoka.

Yudith alilichukua lile jino akaliosha bombani. Alikuwa msaidizi wa meno kwa mwaka wa sita sasa, na alizoea kuona meno yaliyotoboka, meusi, mengine yamebaki vipande. Hili lilikuwa zima. Halikuwa na tundu wala ufa. Lakini kwenye mzizi, karibu kufika nchani, palikuwa na gamba gumu la rangi ya kahawia, limeshika kama ukoko kwenye sufuria. Alilikwangua kwa ukucha, halikubanduka.

Kilichomkaa kichwani kilikuwa swali dogo tu: kama jino ni zima, kwa nini limelegea? Akaanza kuyatenga meno ya namna hiyo. Kufikia Pasaka alikuwa nayo kumi na moja ndani ya chupa ya dawa iliyokwisha, na alipopekua daftari la wagonjwa aliona kwamba nane yametoka kwa watu wa Mtae na vitongoji vyake. Wale aliowauliza walimjibu kwamba ndivyo meno yalivyo. Mtu akishazaa mtoto wa tano au wa sita, meno nayo huanza kuaga. Hakuna hata mmoja aliyesema kwamba aliumwa.

Dokta Issa, daktari wa meno aliyekuwa akipanda kutoka Tanga kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi, aliyamwaga yale meno kwenye kitambaa akayageuza moja moja. Alikuwa mtu mpole, mwenye mazoea ya kunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

"Sisi tunafika mwisho wa habari," alisema. "Huyu Tobia wako alianza kuugua akiwa kijana wa miaka ishirini. Jino lake halina kosa. Kilichobomoka ni nyumba ya jino."

Akamweleza kwamba ukoga, ule utando wa uchafu wa meno, hujikusanya ukingoni mwa fizi, pale jino linapoingia ndani. Fizi huvimba kidogo na kuanza kutoa damu. Ukoga usipoondolewa hugeuka jiwe, jiwe huteremka, fizi huachia jino, na mwishowe mfupa wa taya nao hurudi nyuma polepole, mwaka hadi mwaka. Kwa kuwa hauumi, mgonjwa haendi popote. Anakuja siku jino linapocheza, na siku hiyo kazi ya daktari ni kung'oa tu.

Yudith aliuliza ni vipi mtu angeweza kuuona ugonjwa huo ndani ya miaka ile ishirini ya ukimya. Dokta Issa alifungua mkoba akatoa kijiti chembamba cha chuma, ncha yake butu, chenye mistari iliyochorwa milimita moja moja. Kinaingizwa taratibu kati ya jino na fizi, alisema. Kikizama milimita mbili au tatu, si neno. Kikizama tano, sita, nyumba imekwisha kubomoka. Na damu ikitokeza pale kilipogusa, hata kama hakijazama, ujue ugonjwa uko mlangoni.

"Kuna mtu amewahi kuwapima watu wa milima hii?" Yudith aliuliza.

"Mimi sijasikia," Dokta Issa akajibu. Alimwachia vijiti vinne.

Mganga Mkuu wa Wilaya hakukubali upesi. Alisema kuna surua, kuna malaria, na Yudith anataka kwenda kuhesabu watu ambao hawana hata maumivu. Yudith alimjibu kwamba hao ndio hasa anaowataka, wale ambao bado hawajaumwa. Mganga Mkuu akampa siku kumi na nafasi kwenye Land-Rover ya chanjo.

Hivyo mwezi wa sita, baridi ikiwa kali, Yudith alifika Mtae akiwa na vijiti vyake, sufuria ya kuvichemshia, jiko la mafuta ya taa na daftari jipya. Alikuwa mzaliwa wa Bumbuli, na Kishambaa chake kilikuwa na lafudhi iliyowafanya wanawake wa Mtae wacheke wakimsikia. Alilala nyumbani kwa Silvano, mganga wa zahanati, na mkewe Klara. Kesho yake Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Abrahamu, aliitisha mkutano mbele ya ofisi ya TANU.

Watu walikuja wengi, lakini walikaa mbali. Walikuwa wamesikia katika kampeni ya Mtu ni Afya habari za vyoo na mbu, ila habari za fizi zilikuwa ngeni, na wengi waliamini kwamba huyu binti amekuja kung'oa. Mzee Abrahamu alilitambua hilo. Akavua kofia, akaketi kwenye kigoda hapo hapo mbele ya watu wote, na koti lake la mikutano, akapanua kinywa. Yudith alimpima jino kwa jino huku Silvano akiandika. Alipomaliza, Mzee Abrahamu aliitazama pamba iliyokuwa mkononi mwa Yudith, ina madoa mekundu, akauliza hiyo damu ni ya nani.

"Ni yako, Mzee Mwenyekiti."

"Mbona sikusikia kitu?"

"Ndiyo maana nimekuja," Yudith alisema.

Jibu hilo lilizunguka kijiji kizima kabla ya jioni. Kuanzia hapo kazi ikawa rahisi. Wajumbe wa nyumba kumi walimpa majina, na yeye akachagua watu sita kutoka kila kundi, vijana kwa wazee, Walutheri kwa Waislamu, bila kuangalia nani ana meno mazuri. Alipima uwanjani, jua likimulika vinywa, kwa sababu ndani ya nyumba hapakuwa na mwanga wa kutosha. Kila kijiti kilichotumika kilirudi kwenye sufuria inayotokota.

Kufikia siku ya sita, daftari lilikuwa limeanza kusema. Karibu kila kijana alikuwa na fizi zinazotoa damu, na karibu hakuna aliyejali. Waliona ni kawaida kutema mate mekundu asubuhi. Waliopita miaka thelathini na tano, kijiti kilizama milimita nne, tano. Waliopita hamsini, wengi walikuwa na mapengo. Weupe wa meno haukuwa na maana yoyote. Kijana mmoja mwenye meno ya kung'aa alikuwa na fizi mbaya kuliko baba yake.

Kisha akaja Bibi Mwanahawa.

Alikuwa mjane wa miaka sabini hivi, mwembamba, mwenye meno ya kahawia kwa sababu ya chai ya rangi aliyoinywa kutwa. Aliketi akisema kwamba anakuja tu kwa kuwa jirani zake wote wamekuja. Yudith alipomaliza upande wa juu alidhani amekosea, akarudia. Meno ishirini na nane. Kijiti hakikuzama popote zaidi ya milimita tatu. Fizi zilikuwa ngumu, zimelishika jino kama pete inavyoshika kidole, na pamba ilitoka nyeupe.

Yudith alimuuliza anakula nini. Anakula wanachokula wote: makande, ndizi, ugali na maharage, mboga. Anapiga mswaki vipi? Kwa kijiti cha mti asubuhi, kama kila mtu. Kuna dawa anayotumia? Hakuna. Wazazi wake walikuwa na meno? Mama yake alikufa nayo, baba yake hakuwa na hata moja. Bibi Mwanahawa alichoshwa na maswali, akamwambia kama anataka kuchunguza zaidi aje nyumbani amsaidie kupukuchua mahindi.

Yudith alikwenda kweli. Alikwenda siku ya sita, ya saba na ya nane, baada ya kumaliza vipimo vya siku. Alipukuchua, alikula, alisikiliza habari za ndoa mbili za bibi na za ng'ombe aliyeporomoka bondeni mwaka wa njaa. Siku zile mbili za mwanzo hakuona kitu. Siku ya tatu walikuwa wamemaliza kula, wameketi kibarazani, na Bibi Mwanahawa alikuwa katikati ya habari nyingine. Bila kukatiza maneno, alinyoosha mkono akachuna uzi mmoja kutoka kwenye ukambaa wa mgomba uliofunga mzigo wa kuni, akaulowesha mdomoni, akaupitisha kati ya jino na jino. Aliuvuta upande huu wa jino, akauvuta upande ule, akahamia linalofuata. Mdomo ulisema na mkono ulifanya kazi. Alizunguka kinywa chote, akautupa uzi, akaendelea na habari yake.

Yudith alisubiri amalize, ingawa ilimpa shida.

"Bibi, hicho ulichokuwa unafanya na uzi ni nini?"

"Kitu gani?"

"Huo uzi wa mgomba."

Bibi Mwanahawa alitafakari, kama mtu aliyeulizwa anapumua vipi. "Natoa makombo tu, mjukuu wangu."

"Kila siku?"

"Kila nikila jioni. Mama yangu alikuwa akifanya hivyo."

"Mbona nilipokuuliza unasafisha vipi meno hukunitajia?"

"Uliniuliza habari za mswaki," Bibi alisema. "Huu si mswaki. Huku ni kukaa tu baada ya kula."

Usiku ule Yudith aliandika maneno hayo yote kwenye daftari kama yalivyosemwa. Alijifunza kwamba swali lake alilowauliza watu sabini na nne lilikuwa na tundu, na kwamba jibu lilipita humo humo.

Aliporudi Lushoto alimsimulia Dokta Issa kwa furaha. Dokta akasema kinywa kimoja hakithibitishi kitu. Pengine bibi alizaliwa na fizi za namna hiyo. Pengine ni mate yake. Kama Yudith angechukua watu wengine kumi wanaotumia uzi na kumi wasioutumia, bado mtu angeweza kusema kwamba wale wa kwanza wanakula tofauti, au ni vijana zaidi, au wana usafi zaidi kwa kila kitu.

Yudith alikubali, lakini hakuliacha. Alikuwa amekumbuka shamba la viazi la kijiji kule Mtae. Bwana shamba alikuwa amelikata katikati kwa kamba; nusu aliitia samadi, nusu hakuitia. Udongo mmoja, mvua moja, jembe moja, ili atakayebisha aende kutazama mwenyewe. Na kinywa nacho kina pande mbili. Chakula ni kile kile, mate ni yale yale, umri ni ule ule. Mtu apitishe uzi upande mmoja tu, na upande wa pili auache kama alivyouzoea.

Alipomweleza Dokta Issa, safari hii hakunyamaza. Alicheka kwa sauti, akavuta karatasi. Aliongeza jambo moja tu: Yudith asijue nani anasafisha upande gani. "Ukijua," alisema, "mkono wako utaupendelea ule upande bila wewe kutaka." Kwa hiyo Silvano ndiye angewapigia watu kura, kulia au kushoto, na orodha ikae kwake mpaka vipimo viishe.

Mwisho wa mwezi wa tisa Yudith alipanda tena. Watu ishirini walijitolea, wengi kwa udadisi wao wenyewe. Aliwaeleza wazi kwamba upande usiosafishwa hautapata madhara mapya katika wiki sita, utabaki kama ulivyokuwa miaka yote, na baada ya hapo wasafishe pande zote. Akawapima upya. Bibi Mwanahawa ndiye aliyewafundisha kutumia uzi, naye alikuwa mwalimu mkali. Aliwapiga vidole waliouvuta kwa nguvu mpaka wakakata fizi. Yudith alipokwisha kushuka, aliyepata kura ya kulia alifungwa kitambaa mkono wa kulia asisahau, na wa kushoto vivyo hivyo, lakini Silvano aliwaambia wote wavifungue vitambaa kabla ya siku ya vipimo.

Katika hao ishirini alikuwemo Mwalimu Efrazia. Alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na sita aliyefundisha kisomo cha watu wazima alasiri, mtu wa mpangilio, mwenye sauti inayofika nyuma ya darasa. Yeye ndiye aliyewashika wenzake wasilegee. Kila kipindi cha kisomo kilipokwisha aliwauliza mmoja mmoja kama jana wametimiza. Kwenye daftari la mwezi wa sita, mbele ya jina lake, Yudith alikuwa ameweka alama ya kuuliza. Fizi za Mwalimu zilikuwa nyekundu na zimevimba kupita za watu wa umri wake, ingawa meno yake yalikuwa masafi.

Wiki sita zilipotimia, vuli ilikuwa imeshika. Basi lilikwama Sunga, na Yudith akatembea njia iliyobaki, kanga kichwani, daftari limefungwa kwenye karatasi ya nailoni kifuani. Klara alimkaushia nguo motoni. Asubuhi mvua ilipokatika, alianza kupima.

Mtu wa kwanza alikuwa Mzee Abrahamu. Fizi zake zilikuwa nzuri pande zote mbili, kiasi kwamba Yudith hakuelewa. Alimuuliza kama alifuata kura yake. Mwenyekiti alijikuna shingo. Alisema wiki ya kwanza aliifuata, halafu akaanza kuuonea huruma upande wa pili. Aliona si haki upande mmoja uhudumiwe na mwingine uachwe, na yeye ndiye mwenyekiti wa kijiji cha ujamaa. Yudith alilazimika kumweleza, kwa heshima zote, kwamba inabidi jina lake litolewe kwenye hesabu. Jambo hilo lilimuuma mzee kuliko kung'olewa jino.

Wakabaki kumi na tisa. Vipimo vilichukua siku mbili. Jioni ya pili Silvano alitoa orodha yake kwenye kabati la dawa, wakakaa mezani, yeye akisoma kura na Yudith akitazama namba. Kulia, na damu imepungua kulia. Kushoto, na imepungua kushoto. Kushoto tena. Walipofika mtu wa nane Silvano alianza kusoma haraka haraka. Mwishowe, watu kumi na sita walikuwa na damu kidogo zaidi upande waliosafisha, wengine kutoka sehemu tisa hadi mbili. Wawili hawakuwa na tofauti, na wote wawili walikuwa wamekiri kwamba walisahau mara nyingi.

Aliyebaki ni Mwalimu Efrazia. Fizi zake hazikuwa nzuri upande wowote. Zilikuwa zimezidi kuvimba, na mahali ambapo kijiti kilizama milimita nne wiki sita zilizopita, sasa kilizama tano.

Yudith alikuwa na penseli mkononi. Maelezo yaliyo karibu yalikuwa mepesi: hakusafisha. Kwa hilo jedwali lingenyooka. Aliandika herufi mbili za mwanzo, akasimamisha mkono, akaona aibu, kwa sababu hakuna mtu Mtae ambaye angeamini kwamba Mwalimu Efrazia alidanganya. Akazifuta.

Kesho yake alimfuata darasani na kumwambia ukweli. Mwalimu alichukia. Akatoa uzi mfukoni, akasafisha mbele yake, jino kwa jino, bila kosa. Damu ilitoka, akaitema dirishani.

"Sijakosa siku hata moja," alisema. "Kama huniamini, niambie."

"Nakuamini, Mwalimu. Ndiyo maana nina shida. Kama umefanya kila kitu sawa na fizi zinazidi kuharibika, basi kuna kitu kingine, na mimi sikijui."

Efrazia aliketi. Ndipo Yudith, badala ya kuuliza habari za meno, alimuuliza tu anaendeleaje. Mwalimu alisema amechoka tangu mwaka ulipoanza. Amekonda, sketi zake amezipunguza mara mbili. Pale mezani palikuwa na kibuyu cha maji, na katika muda ule mfupi alikuwa amekinywea mara nne. Alieleza kwa haya kidogo kwamba siku hizi huamka kwenda uani mara nyingi, na wanawe humtania kwa sababu sisimizi wanajaa pale anapojisaidia.

Yudith alimwomba waende zahanati pamoja, sasa hivi, kabla ya somo linalofuata.

Silvano alikuwa na chupa ya ile dawa ya buluu ya kupimia mkojo, ya zamani lakini bado nzuri. Alitia kidogo kwenye bomba la kioo, akaongeza matone manane ya mkojo wa Mwalimu, akalishika kwa kibanio juu ya moto wa spiriti. Wote watatu walitazama. Buluu iligeuka kijani, kijani ikawa njano, na kabla dawa haijachemka sawasawa ikawa nyekundu kama tofali. Silvano alipima mkojo wake mwenyewe ili kuhakikisha dawa haijaharibika. Wake ulibaki buluu.

"Ni nini?" Efrazia aliuliza.

"Ni sukari, Mwalimu," Silvano alisema. "Inapita kwenye mkojo. Lazima uende Lushoto, na nadhani watakupeleka Tanga."

Efrazia aliitazama ile rangi. Kisha akauliza ni nani atakayefundisha kisomo.

Alikaa Tanga wiki tatu. Daktari wa huko aliandika kwamba kama angechelewa miezi michache zaidi, huenda angeletwa akiwa hajitambui. Alirudi na bomba la sindano, orodha ya vyakula na chupa za insulini, ambazo Silvano alizihifadhi zahanati ndani ya mtungi wa maji ili zisipate joto. Mwanzoni Silvano alimchoma kila asubuhi. Kufikia Krismasi alikuwa anajichoma mwenyewe, na alikuwa amewaeleza wanakisomo wote jinsi insulini inavyofanya kazi, kwa kuchora ubaoni.

Mwezi wa tatu Yudith alimpima tena. Safari hii Efrazia alikuwa akisafisha pande zote mbili. Mwezi wa kumi na moja damu ilikuwa imetoka sehemu kumi na tisa; sasa ilitoka nne tu. Kijiti hakikuzama tena tano, isipokuwa nyuma ya gego moja. Mwalimu aliomba daftari alione mwenyewe. Alisoma mstari wake tangu mwanzo, akafika kwenye ile alama ya kuuliza ya mwezi wa sita, akauliza iliwekwa kwa nini. Yudith alimwambia kwamba siku ile hakujua. Aliona tu kwamba fizi zake hazilingani na usafi wake.

"Basi ulishaona," Efrazia alisema.

"Niliona. Sikuelewa."

Taarifa ya Yudith ilikuwa kurasa tatu. Dokta Issa alimtaka aisome mwenyewe mbele ya waganga wa mkoa, Tanga, naye akaisoma. Mmoja wao alisema watu kumi na tisa ni wachache. Yudith alikubali kwamba ni wachache. Mwingine, daktari wa magonjwa ya ndani, hakuuliza habari za uzi kabisa. Alitaka kujua zaidi kuhusu mwalimu, na kama inawezekana wasaidizi wa meno wawe wanampeleka kupimwa mkojo kila mtu ambaye fizi zake zinakataa kupona. Walilijadili hilo kwa muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na chai ikapoa. Mwishowe alipewa vijiti kumi na viwili zaidi, na ruhusa ya kupima watu mia mbili mahali pengine.

Alichagua Shume. Alitaka watu ambao maisha yao hayafanani na ya Mtae, na kule kulikuwa na wafanyakazi wa msitu, wakata mbao wanaoishi kambini na kula kwa zamu. Alifika mwezi wa saba, ukungu umelala kwenye misonobari, akaweka kigoda chake nje ya kibanda cha msimamizi.

Aliyeketi wa kwanza alikuwa mpasua mbao aitwaye Mika, miaka thelathini na minane, mwenye kifua kipana na vidole vilivyogeuka njano. Alizima sigara kwenye kiatu kabla ya kufungua kinywa. Fizi zake zilikuwa za rangi ya waridi iliyopauka, kavu, tulivu. Yudith alipitisha kijiti upande wa juu wote na pamba ikabaki nyeupe. Alikuwa karibu kumwambia msaidizi wake aandike kwamba hapa hakuna ugonjwa. Ila mazoea yalimfanya asome alama za kijiti, akaona kimezama milimita sita.

Alikichomoa, akakifuta, akarudia kwenye jino la pili. Sita. Damu hakuna. Kwa mwaka mzima alikuwa amefundisha watu kwamba damu ndiyo inayotangulia, na huyu hapa mtu ambaye nyumba za meno yake zilikuwa zimebomoka na hakuna tone lililotoka.

Alimuuliza anavuta sigara ngapi kwa siku. Mika alisema pakiti moja, mbili siku ya mshahara, na akauliza kama kuna ubaya.

"Bado sijui," Yudith alisema, akavuta kigoda karibu zaidi. "Fungua tena, ndugu yangu. Tuanze upya, polepole."